Kijani cha Nchi Gani

Mama yangu alikuwa na kikohozi ambacho tulikizoea kama tulivyouzoea mlio wa mlango wa jikoni. Asubuhi alipoinama kupuliza moto tulimsikia akikohoa, tukajua chai inakuja. Sisi wanawe wawili tulichukua miaka kuyaonea aibu mazoea hayo, na aliyeona aibu kwanza alikuwa dada yangu, si mimi niliyekuwa nikiishi naye.

Mimi ni kitinda mimba, mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi huku Bukiriro. Tangu baba afariki nakaa na mama kwenye nyumba aliyoijenga baba katikati ya migomba. Dada amenizidi miaka tisa. Yeye anaishi Biharamulo mjini, ana duka la vifaa vya ujenzi na nyumba yenye jiko la gesi, maji ya bomba ndani, na vyumba vingi kuliko watu. Mume wake alishatangulia, watoto wamesambaa vyuoni. Kiangazi kimoja si cha zamani alimpeleka mama hospitali, akarudi naye kwetu akiwa amekunja uso. Daktari alikuwa amesema kifua cha mama kimechoshwa na moshi. Akiendelea kuuvuta, itafika siku dawa hazitamsaidia.

"Anahamia kwangu," dada alisema, mkoba bado uko begani.

"Nani?" mama aliuliza, kana kwamba nyumbani kulikuwa na mkohozi mwingine.

Mama hakutaka kuhama na hakuficha. Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, na kila jioni anapita pale kung'oa majani na kumsimulia mambo ya siku. Migomba anaijua mmoja mmoja. Halafu kulikuwa na moto wake. Jikoni kwetu moto ulikuwa hauzimwi. Gogo nene lilikaa mafigani mchana kutwa likifuka polepole, na asubuhi majirani walikuja na kipande cha kigae kuomba kaa. Viberiti vimejaa kila duka, lakini walikuja tu, kwa sababu ukiomba kaa unapewa na habari za kijiji kizima. Mama aliupokea moto huo kwa mama mkwe wake wiki aliyoolewa. Biharamulo angewasha nini? Gesi ya dada inawashwa kwa kubonyeza.

"Hewa ya hapa ina kosa gani?" alituuliza kwa Kihangaza, lugha ambayo kwetu ndiyo ya kugombania. "Mmekulia humu humu. Mlikufa?"

Dada ni mtu wa vipimo. Dukani kwake hakuna anayenunua nondo kwa macho. Baada ya wiki mbili alirudi na boksi kubwa. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi upande wa Benaco alimaliza mkataba wake, akawa anagawa na kuuza vitu vyake, na miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na kituo cha hali ya hewa cha nyumbani. Kina mlingoti mfupi, vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, kopo la kupimia mvua, na kiboksi cheupe chenye matundu ambacho kazi yake ni kunusa hewa. Ndani ya nyumba unaweka kioo kinachoonyesha kila kitu kwa namba na rangi. Kijani ni hewa safi. Kuanzia njano unashuka, unapita rangi ya chungwa, hadi nyekundu na zambarau, ambako ni kubaya. Kikipata intaneti, hata aliye mbali anaona kwa simu.

Mama alikizunguka mara mbili, akakigusa vikombe, akakipenda. Nadhani alikipenda kwa sababu aliamini kitasema ukweli, na ukweli kwake ulikuwa kwamba Bukiriro hakuna shida.

"Haya," akasema. "Kikionyesha kijani mpaka mvua za kwanza, nabaki na hutaniuliza tena. Kikionyesha nyekundu, nafunga mizigo mwenyewe."

Dada akampa mkono. Mimi nikawa shahidi. Watu wazima watatu, mmoja mwenye duka, mmoja mwalimu wa hisabati, mmoja aliyeamua kesi za mipaka ya mashamba kwa miaka mingi, na hakuna aliyefikiria kuuliza kijani cha nchi gani.

Mama ndiye aliyechagua mahali pa kukisimika. "Kiweke pale kinaponiona," alisema, maana yake pembeni mwa paa la jiko. Dada akaondoka na gari la asubuhi. Nikawasha kioo, nikasubiri. Kikafikiri kidogo, kikatoa hamsini na nane kwa uchafu wa hewa, na rangi nyekundu kama kilemba cha jogoo.

Nilikaa chini. Mama alikuwa nje akipepeta maharage, akiimba, akikatiza wimbo ili akohoe. Niliwaza nyumba ile bila yeye. Niliwaza chai nitakayojichemshia na kaburi litakaloota majani. Sitajipamba hapa: niliwaza kwanza habari zangu, ndipo nikawaza kifua chake.

Nikaanza kubonyezabonyeza. Ndani ya mipangilio nikakuta orodha ya nchi. Kumbe kila nchi imeamua yenyewe wapi kijani kinaishia na nyekundu inaanzia. Nilikuwa nimesimama Marekani. Nikaenda Uingereza, wao wana daraja kumi, wakanipa la saba na kusema ni juu. Nikaenda India. India wakaitazama hamsini na nane ile ile, hewa ile ile, moshi ule ule, wakasema inaridhisha. Kioo kikawa kijani cha jani changa.

Nikaiacha hapo. Nikamwita mama.

"Nilisema mimi!" alipiga makofi mpaka ungo ukaanguka. "Nilisema!"

Wiki zilizofuata zilikuwa za raha ambayo sikustahili. Mama alikitoa kioo chumbani kwangu akakiweka sebuleni mezani, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, akakifunika kwa kitambaa kingine wakati wa kufagia. Waliokuja kuomba kaa wakaanza kupitia sebuleni. Mama aliwasomea joto, upepo na hewa kwa sauti ya msoma matangazo kanisani. Bibi mmoja jirani aliuliza kama kinaweza kuonyesha nani alimwibia kuku. Siku nilipokosea nikaeleza kwamba rangi inategemea nchi, walifurahi kupita kiasi, na tangu hapo salamu ikawa mpya.

"Shikamoo mama. Leo tuko nchi gani?"

"Marahaba. Tuko India, kunaridhisha."

Walitaka kutembea. Nikawapeleka Uchina, nikawapeleka Ulaya, nikarudi haraka kabla rangi hazijawaudhi. Mama alinifanya nitafute Tanzania. Niliipitia orodha yote juu hadi chini mbele yake, haikuwepo.

"Sisi hatupumui?" aliuliza.

Swali lile nimeshalirudia mbele ya watu wengi wanaojua kuliko mimi.

Dada alipiga simu Jumamosi moja. Alikuwa ameweka programu kwenye simu yake siku nyingi, lakini bando na duka havikumpa nafasi ya kuifungua. Sasa ameifungua. Yake ilikuwa Marekani.

"Nyekundu," alisema. "Nyekundu tangu wiki iliyopita. Na wewe unaniandikia mambo safi. Unasoma wapi, kwenye kahawa kama mpiga ramli?"

Siku ya pili, kabla ya saa nne, alikuwa uani kwetu. Alisimama mbele ya kioo na simu yake mkononi, akavilinganisha. Namba moja, rangi mbili. Akanigeukia. Dada hapigi kelele akikasirika, anaongea taratibu kama anayehesabu misumari.

"Nani ameweka India?"

Mama alikuwa anasikiliza mlangoni. Ningeweza kusema mashine ilikuja hivyo, na nilishafungua mdomo kusema. Nikasema, "Mimi. Nilikuta nyekundu nikabadilisha."

Nilitegemea mama atanitetea. Hakunitetea. Hakunigombeza pia, jambo lililoniumiza zaidi. Alinitazama tu, halafu akaukimbilia mlango alioujua: kama hewa ni mbaya, basi kuna mwenye kosa, na mwenye kosa yuko ng'ambo ya bonde.

Ng'ambo ya bonde anaishi mfugaji aliyetoka Shinyanga na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Kiangazi huchoma nyasi kavu ili majani mapya yaote, na kila kiangazi mama humlaumu kwa vumbi, joto, mafua na mara moja kwa ndoa ya binamu yetu iliyovunjika. Wanapendana sana. Aliitwa, akaja akifuta mikono, akasomewa mashtaka.

"Mayu," alisema, maana kwao mama huitwa hivyo, "mimi nimechoma lini? Tangu Jumatano sijawasha hata sigala. Angalia kule, kuna moshi?"

Tuliangalia. Hakukuwa na moshi. Bonde lilikuwa jeupe kwa jua.

"Hicho kidude kinanusa hapo kilipo," akaendelea. "Ngoja nikitembeze."

Akaung'oa mlingoti, akauweka begani kama anakwenda kuchunga, akaelekea kwenye migomba. Vikombe vya upepo vilizunguka kwa furaha. Dada alisimama mlangoni na kioo, akisoma kwa sauti kwa kipimo cha Marekani, maana sasa hakuna aliyethubutu kutaja India.

"Nyekundu."

Mfugaji akapita zizi la mbuzi, akasimama kidogo ili kidude kivute pumzi.

"Rangi ya chungwa!"

Akaingia migombani. Tuliona kiboksi cheupe tu kikielea juu ya majani.

"Njano! Njano kabisa!"

Wanawake waliokuja kuomba kaa walikuwa wamejipanga ukutani, wakapiga vigelegele. "Rudi sasa!" dada alipiga ukelele. Akarudi. Njano ikawa chungwa, chungwa likawa nyekundu. Alipofika mlango wa jiko, mfugaji kwa utundu wake akauingiza mlingoti ndani, juu ya gogo linalofuka. Kioo kikatoa zambarau ambayo hatujawahi kuiona, na namba yenye tarakimu tatu.

Tulicheka. Kweli tulicheka, mimi mpaka nikashika tumbo, mfugaji akatoka akikohoa na kucheka pamoja. Nilipofuta machozi nikamwona mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa jiko, mikono mapajani.

"Kumbe ni mimi," alisema.

Mfugaji akautua mlingoti chini.

"Mlikuwa wadogo, nawabeba mgongoni humu ndani. Na baba yenu alipenda kukaa hapa akisubiri chakula." Akaitazama ile zambarau. "Nilisema ni hewa ya Mungu, kumbe ni moshi wangu mwenyewe."

Dada, aliyekuja na hasira na gari la kukodi kwa ajili ya mizigo, alichuchumaa mbele yake. Nilidhani atasema, umeona. Alisema, "Mama, ulikuwa unapika. Hukufanya kosa."

Uso wa mama ukabadilika kwa namna ninayoifahamu, ule uso wa kesi za mipaka. Akauliza mvua za kwanza ni lini.

"Wiki tatu, nne," mfugaji alisema.

"Basi mkataba haujaisha," mama akasema, akainuka. Aliingia jikoni, akalishika lile gogo kwa ncha isiyo na moto, akaliburuta mpaka uani mbele ya watu wote. Akachota maji kwenye ndoo, akalimwagia. Lilifoka, likatoa wingu la mwisho, likanyamaza. Mmoja wa wale wanawake aliziba mdomo. Mimi nilihisi kama nimeona mtu akivua pete.

"Mtanitengenezea jiko," alituambia. "Na nikishindwa, nitapanda gari hilo bila kuvutwa."

Zile wiki tatu nazikumbuka kama likizo. Dada alilirudisha gari la mizigo na kuleta vitu kutoka dukani kwake: bati la kukunjia dohani, yaani bomba la moshi, saruji, matofali. Mfugaji alijitolea kujenga, kwa sharti kwamba mama asimtaje tena katika ndoa ya binamu. Walijenga jiko la udongo lenye mlango mdogo wa kuni na bomba linalopita kwenye paa. Mara ya kwanza bomba lilikuwa fupi, moshi ukarudi wote ndani, wakatoka mama, dada na mfugaji wakitokwa machozi na kulaumiana. Wakaongeza kipande. Mama aliamuru kuni zote mbichi ziondolewe, akapanga kavu kwenye uvungu wa ghala, na akawa mkali kwa kuni kuliko kwa watoto wa shule wanaopita kuiba mapera. Kiberiti alikifunga kwenye pindo la kanga. Moto ukawa unawashwa wakati wa kupika na kuzimwa baada ya kupika, na hilo lilimchukua siku kadhaa za kuingia jikoni bila sababu na kutoka.

Alichoogopa, aliniambia siku moja tukimenya ndizi, ni kwamba watu hawatakuja tena. Kaa hakuna, watafuata nini? Walikuja. Walikuja hata wasiokuwa na desturi ya kuja, kutoka mpaka upande wa Nyakisasa, kuliangalia jiko lenye shingo na kioo chenye rangi. Mama akalalamika kwamba hana nafasi ya kulima.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Ijumaa. Kesho yake dada akaja. Hatukukumbushana kwa nini. Alikuta mama amevaa gauni la Jumapili kwa ajili ya kupika.

"Kilete kile kidude ndani," mama aliniambia. "Kiweke hapa, kwenye usawa wa pua yangu." Akamgeukia dada. "Na wewe tafuta nchi iliyo kali kuliko zote."

"Mama, tunaweza kuchukua ya kati..."

"Kali kuliko zote. Sitaki kushinda kwa hisani ya mwanangu wa shule."

Mwanawe wa shule ni mimi. Neno hilo nililimeza. Dada akapitia orodha, akarudi palepale Marekani. Nje, baada ya mvua, kulikuwa kijani cha kweli. Mama akawasha kiberiti.

Alipika ndizi na maharage, chakula anachoweza kukipika akiwa amefumba macho, na alikipika kama anafanya mtihani wa taifa. Mimi nilikikodolea macho kioo mkononi mwangu. Kijani kiliendelea mpaka maharage yalipoanza kuchemka. Halafu namba zikaanza kupanda moja moja. Nilisema moyoni, simama, simama hapo. Ikawa njano.

"Njano," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Mama akageuka na mwiko mkononi. Mkataba ulisema kijani. Tulijua wote. Alikitazama kioo, akamtazama dada, akainua kidevu.

"Njano si ugonjwa," alisema. "Ndizi ikiwa njano imeiva."

Nilimwangalia dada nione kama atakubali utetezi wa namna hiyo. Hakuwa anaangalia kioo. Alikuwa ameegemea mlango, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ilinichukua muda kuelewa anasikiliza nini. Mama alikuwa amewasha moto, amepuliza, amekoroga, ametugombeza, ameimba wimbo mzima wa shukrani kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na wimbo haukukatika hata mara moja.

"Tangu lini?" dada aliniuliza kwa sauti ya chini.

Sikujua. Mimi ninayeishi naye sikujua. Nilikuwa nimekazana na namba wiki zote zile, na kikohozi kilikuwa kimepungua nyuma ya mgongo wangu.

Dada akakizima kioo. "Umebaki, mama," alisema. Akakaa chini kwenye mkeka, akafunika uso kwa kanga, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani ni furaha, na ilikuwa furaha, lakini haikuwa hiyo tu. Alipofunua uso alisema ameshatandika chumba. Amenunua kitanda cha chini ili mama asipate shida kupanda, amepaka ukuta rangi. Amekuwa akipita kukiangalia kila akirudi dukani. "Nyumba ile ni kubwa," akasema.

Mama aliipua sufuria. Aliweka mwiko pembeni, akajifuta mikono polepole, akaketi karibu na dada mpaka magoti yao yakagusana. Nilitambua kwamba katika mabishano yote ya rangi hakuna aliyewahi kumuuliza dada anapikia nani kwenye gesi yake.

"Nitakuja," mama alisema. "Sio kuhama. Nitakuja kama mgeni, unichinjie kuku. Na nitakuja na hiki kidude, tupime na kwako. Kukiwa nyekundu, unafunga duka unarudi hapa kwetu."

Dada alicheka huku pua inamchuruzika.

"Na kukiwa kijani?"

Mama alimpakulia kwanza, sahani imejaa mpaka pembeni, akamwekea mkononi.

"Kukiwa kijani," alisema, "nitakaa mwezi mzima."